Konde la Brakpan: Bahati au Ufundi?



Tumekuwa tukiwasikia, hususan nyinyi wa madarasa ya juu, mkibishana juu ya mapambano ya ngumi mnayoyatazama kwenye simu za kaka zenu. Neno moja halikosekani katika mabishano hayo, nalo ni bahati. Fulani kaangushwa kwa bahati, fulani kashinda kwa bahati. Tumeona tulitazame neno hili kwa kutumia pambano moja ambalo ubishi wake haujaisha hadi leo.

Kabla ya hapo tuseme wazi kwamba hatuandiki haya kuzisifia ngumi za kulipwa. Katazo la kupiga uso mmelisoma katika Hadithi, na wanazuoni wengi wamezikataa ngumi hizi kwa sababu hiyo na nyinginezo. Hatutaki mzazi aje kutuuliza.

Tarehe 22 Aprili 2001, huko Brakpan karibu na Johannesburg, Afrika Kusini, Hasim Rahman wa Baltimore, Marekani, alimwangusha Lennox Lewis wa Uingereza kwa konde moja la mkono wa kulia katika raundi ya tano. Lewis alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mwenye mikanda ya WBC na IBF. Alikuwa pia na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, aliyoipata akiiwakilisha Kanada. Rahman hakutarajiwa kabisa. Mwaka 1999 tu, Oleg Maskaev alikuwa amempiga hadi akapita katikati ya kamba na kuanguka nje ya ulingo. Basi mtu wa namna hiyo alipomlaza bingwa, dunia nzima ikasema ni bahati, na Lewis mwenyewe akasema hivyo hivyo.

Sisi hatukubaliani nao.

Tazameni yaliyotangulia. Brakpan iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Atokaye pwani akafika mahali pa juu namna hiyo huona pumzi zinamwishia mapema, na mwili huhitaji muda kuzoea. Rahman aliwahi kufika, akakaa wiki kadhaa akifanya mazoezi katika hewa ile ile. Lewis alikuwa Las Vegas, ambako pamoja na mazoezi alishiriki katika filamu ya Ocean's Eleven, akafika Afrika Kusini zikiwa zimebaki siku zisizotimia wiki mbili. Alipopimwa alikuwa na zaidi ya kilo 114, uzito mkubwa kuliko aliouzoea. Raundi ya tano ikamkuta anahema, karudi nyuma hadi kwenye kamba, mikono iko chini, na usoni ana tabasamu. Hapo ndipo konde lilipoingia.

Sasa bahati iko wapi? Rahman alirusha makonde mengi ya kulia usiku ule, na mengine hayakufika popote. Lile moja lilifika kwa sababu mkono uliopaswa kulizuia haukuwapo, na haukuwapo kwa sababu mwenyewe alichoka na kudharau. Nguvu ya konde Rahman alikuwa nayo siku zote. Alichokipata Brakpan ni nafasi, akaitumia mara moja bila kusita.

Wako watakaosema, ustadhi, kila kitu ni kwa qadar ya Mwenyezi Mungu. Naam, na hilo ndilo tunalowafundisha. Lakini qadar si jina jingine la bahati, na wala haikuchagua upande mmoja wa ulingo. Kufika mapema kwa Rahman kumo ndani yake, na kuchelewa kwa Lewis kumo vile vile. Kuitaja peke yake ili kukwepa kuuliza nani alijiandaa na nani hakujiandaa ni uvivu.

Wengine mmempenda Rahman kwa jina lake. Si vibaya kumfurahia ndugu yako katika dini. Ila mkisema alishinda kwa kuwa ni Mwislamu, mtatueleza nini kuhusu tarehe 17 Novemba mwaka ule ule? Siku hiyo walirudiana Las Vegas, na Lewis akamlaza Rahman katika raundi ya nne, tena kwa mkono wa kulia. Safari hii Lewis alikuja amepunguza uzito na amefanya mazoezi kama mtu mwenye deni. Rahman alikuwa amemaliza sehemu ya miezi ile katika kubadili wakala na kushindana mahakamani juu ya marudiano yenyewe.

Wanaosema bahati huitaja Novemba kama ushahidi wao. Sisi tunaiona kinyume. Mapambano yote mawili yaliishia kwa mkono wa kulia, na katika yote mawili aliyejiandaa vizuri zaidi ndiye aliyebaki amesimama. Hata hivyo la Aprili likaitwa bahati na la Novemba likaitwa ufundi. Tofauti ni kwamba mmoja alitarajiwa kushinda na mwingine hakutarajiwa. Hapa hapa madrasa tunaliona jambo hili kila matokeo ya mtihani yanapobandikwa. Mwanafunzi wa nafasi za mwisho akipata alama nzuri za Fiqhi, wenzake husema kabahatisha, na hakuna anayeuliza alikesha usiku mangapi. Wa kwanza wa kila mwaka akikisia jibu likawa sahihi, huyo husifiwa kuwa ana kichwa.

Na kuna jambo moja ambalo wabishi wetu hulisahau. Brakpan haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 24 Septemba 1994, mjini London, Oliver McCall alimwangusha Lewis huyo huyo katika raundi ya pili, kwa konde la kulia. Hilo nalo liliitwa bahati. Lakini mwalimu wa McCall, Emanuel Steward, alikuwa amezisoma kasoro za Lewis na kumfundisha kijana wake konde la kumvizia nalo. Lewis alilielewa hilo kuliko mashabiki wake, kwani baada ya kushindwa alimchukua Steward awe mwalimu wake mwenyewe, na akawa naye hadi alipostaafu mwaka 2004 akiwa bingwa.

Katika mapambano yake yote ya kulipwa Lewis alipoteza mawili tu, la London na la Brakpan, na yote mawili kwa konde la kulia. Anayeendelea kusema ni bahati atufafanulie kwanza ilikuwaje bahati hiyo ikaijua njia mara mbili.