Kabla gogo hajanywa dawa ya potasiamu, uliza kwanza

Kama wewe ni kijana unayeishi na wazee hapa Kiplombe, kuna kazi unayofanya na hakuna aliyekuajiri. Wewe ndiye unayetumwa kemisti mjini Eldoret. Wewe ndiye mwenye M-Pesa. Na karatasi ya Kiingereza ikitoka kwenye boksi la dawa, ni wewe unaambiwa, "Hebu soma, inasemaje?" Wewe ndiye mfamasia wa nyumba.

Kazi hiyo si mchezo, hasa kama mzee wenu ana shida ya figo. Figo zikichoka, madini ya potasiamu hujaa kwenye damu. Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida kwenye karatasi ya maabara ni kama 3.5 hadi 5.0. Kikipanda sana, moyo hupoteza mdundo na unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana daktari huandika dawa ya kukishusha. Lakini kikishuka kupita kiasi, moyo huo huo unayumba. Hii si dawa ya kubahatisha.

Msimamo wangu ni huu: dawa kama hiyo isitoke dirishani bila maelezo ya Kiswahili, na wewe usiondoke pale bila kuuliza.

Chukua ile ya unga, sodiamu polistirini salfoneti, ambayo wengi wanaijua kwa jina Kayexalate. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1958. Inafanya kazi tumboni: inashika potasiamu, inaachilia sodiamu, kisha potasiamu inatoka na choo. Ukishaelewa hapo, maswali yanakuja yenyewe.

Kwanza, choo. Mtu aliyefunga choo, unga unaweza kumkwama na kuumiza utumbo. Kama mzee hajaenda haja kubwa kwa siku kadhaa, au amefanyiwa upasuaji wa tumbo juzi juzi, daktari ajue kabla. Unaona aibu kumuuliza gogo mambo ya choo? Mwombe shangazi aulize, lakini swali liulizwe. Na usimwongezee dawa ya kulainisha choo kwa akili yako. Kuna aina moja, sorbitoli, ambayo ikitumiwa pamoja na unga huu imehusishwa na kuoza kwa utumbo.

Pili, chumvi. Kipimo cha gramu 15 kina sodiamu ya takriban miligramu 1,500. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Kama mzee ana presha, moyo dhaifu au miguu imevimba, mwambie daktari wazi.

Tatu, dawa zingine. Unga huu hushika pia dawa zingine zilizo tumboni, kwa hivyo zitenganishwe kwa muda usiopungua saa tatu. Na hapa ndipo lugha inaweza kuumiza mtu. Mwambie shosho, "Hizi zingine ni saa tatu," naye atazinywa saa tatu kamili, hata kama unga ameunywa saa mbili na nusu. Mpe saa zenyewe: unga saa moja asubuhi, vidonge saa nne. Taja pia kama anatumia digoksini ya moyo, kwa sababu potasiamu ikishuka dawa hiyo inageuka hatari, na kama anameza dawa za kiungulia zenye magnesiamu.

Nne, vipimo. Uliza damu itapimwa tena lini. Mzee akianza kulegea misuli au moyo kwenda mbio ovyo, usikoroge unga ukingoja. Unachukua masaa mengi kufanya kazi. Tafuta gari, mfike hospitali.

Halafu kuna jikoni. Usikoroge dawa hiyo na juisi ya machungwa, ina potasiamu. Ile chumvi ya supamaketi inayosifiwa kuwa na sodiamu kidogo, mara nyingi imewekwa potasiamu mahali pake. Na munyu wa majivu ambao kukhu anapikia mboga, ule omusherekha, hubeba potasiamu kutoka kwenye majivu. Dawa asubuhi, mboga za munyu jioni: hapo mnateka maji kwa pakacha.

Najua jibu litakalokuja. Foleni ni ndefu, daktari ana wagonjwa kibao, mfamasia hana muda wa kuhadithia kila mtu. Kweli kabisa. Lakini karatasi ya Kiswahili ikichapishwa mara moja haimcheleweshi yeyote. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya maelezo anayohitaji ili afaidike na alichonunua. Nani anahitaji maelezo hayo kuliko mgonjwa wa figo?

Tumeambiwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi itajengewa makao mapya papa hapa Kiplombe. Tunaikaribisha kwa mikono miwili. Lakini jengo halitamsomea gogo karatasi ya dawa. Wanaopanga hospitali hiyo waanze sasa na maelezo ya dawa kwa lugha ambayo nyumba nzima inaelewa.

Kabla ya hapo, kazi ni yetu. Leo jioni piga picha kila dawa ya mzee, pamoja na ya kienyeji, ziweke kwenye simu. Ukitumwa tena, ionyeshe simu dirishani na uulize: inagongana na gani, anywe saa ngapi, damu ipimwe lini? Wakikuharakisha, uliza tena.