Mozart Ndani ya Kisanduku: Ugomvi wa Wahariri na Sanaa ya Wasifu

Mtu asiyeijua Wikipedia kwa ndani hudhani kwamba wahariri wake wa kujitolea hugombana juu ya dini, mipaka ya nchi na siasa pekee. Ugomvi wa aina hiyo upo, tena kwa wingi. Hata hivyo, katika kamusi elezo hiyo ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 2001, kuna mgogoro mmoja uliodumu miaka mingi ambao haukuhusu dini wala mpaka. Ulihusu kijisanduku kidogo kilicho pembeni mwa makala, upande wa kulia, ambamo msomaji hukuta picha ya mhusika na chini yake jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali, kazi na mengineyo. Swali lilikuwa moja: je, makala kuhusu watunzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya, akina Mozart, Chopin na Liszt, ziwe na kisanduku hicho au zisiwe nacho?

Wapo watakaocheka. Watu wazima, baadhi yao wataalamu wa muziki, wanakesha wakiandikiana maneno makali kwa sababu ya kisanduku! Lakini mwanafunzi wa fasihi hana haki ya kucheka haraka. Amefundishwa tangu kidato cha tatu kwamba fani na maudhui haviachani, na kwamba umbo la kazi lina sauti yake katika yale yanayosemwa. Wahariri hao, bila kutumia istilahi hizo, walikuwa wakibishana juu ya fani ya wasifu.

Kiini cha mzozo ni chepesi kueleza. Kisanduku kilichotumika kwa wanamuziki kilibuniwa kwa kuwafikiria zaidi wanamuziki wa kisasa. Kilikuwa na safu ya aina ya muziki, safu ya ala, safu ya miaka ya kazi, safu ya kampuni ya kurekodi na, kwa miaka mingi, safu ya wasanii walioshirikiana na mhusika. Kwa mwimbaji wa bendi, safu hizi zinaeleweka. Lakini Mozart alifariki mwaka 1791, ilhali Edison hakubuni santuri hadi mwaka 1877. Kampuni yake ya kurekodi ingekuwa ipi? Na miaka yake ya kazi ianze lini, iwapo alianza kutunga akiwa na umri wa miaka mitano? Aina ya muziki je? Aliandika opera, simfonia, misa, muziki wa vyumbani na dansi za kuchezwa. Ukiandika 'klasiki', umesema kila kitu na hujasema lolote.

Mwaka 2010 kundi la wahariri waliojipa jukumu la kuzitunza makala za watunzi lilijadili suala hili na kutoka na mwongozo uliosema, kwa ufupi, kwamba visanduku vya aina hiyo aghalabu huharibu kuliko kujenga, na kwamba asiviweke mtu kabla ya kupata maafikiano katika ukurasa wa majadiliano wa makala husika. Hapo ndipo moto ulipokolea. Wengine waliuona mwongozo huo kuwa busara. Wengine waliuona kuwa ukiritimba wa wachache. Mmoja akaweka kisanduku, mwingine akakiondoa, wa kwanza akakirudisha. Kamusi elezo hiyo ina kanuni inayomkataza mhariri kurudisha toleo lake zaidi ya mara tatu katika saa ishirini na nne, lakini kanuni hiyo huzuia kasi ya ugomvi tu, haiuzimi.

Ni haki kuupima upande wa wanaokitetea kisanduku kwa uadilifu, maana hoja zao si za kipuuzi. Wanasema msomaji wa leo hufungua makala kwenye simu, pengine akitafuta mwaka mmoja tu. Kwa nini apekue aya nne ili ajue Beethoven alifariki lini? Aidha, kisanduku hupanga taarifa kwa namna ambayo mashine huweza kuisoma na kuisambaza kwingine. Fauka ya hayo, usawa wa sura katika makala zote humsaidia msomaji kujua aangalie wapi. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandaa jedwali la ngeli ubaoni anaijua thamani ya jedwali.

Tatizo ni kwamba jedwali la ngeli hubeba vitu vinavyokubali kupangwa. Maisha ya mtu hayakubali daima, na hakuna mahali hili linapodhihirika kama kwenye safu ya uraia. Chukua Chopin. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, Poland, kwa baba Mfaransa na mama Mpolandi. Aliondoka Warsaw mwaka 1830, akafika Paris mwaka uliofuata, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1835, asirudi kwao tena. Alipofariki mwaka 1849 mwili wake ulizikwa Paris na moyo wake ukapelekwa Warsaw, uliko hadi leo katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Je, alikuwa Mpolandi au Mpolandi-Mfaransa? Wahariri wamelivutana neno hilo moja kwa miaka. Hata siku yake ya kuzaliwa ina utata: cheti cha ubatizo kinataja tarehe 22 Februari, lakini yeye na jamaa zake waliiadhimisha tarehe 1 Machi. Katika sentensi mambo yote mawili hukaa pamoja kwa amani. Katika kisanduku, mwenye kuandika hushurutishwa kuchagua, na akichagua huwa ameshahukumu.

Liszt naye ni mtihani mgumu zaidi. Mahali alipozaliwa mwaka 1811 palikuwa katika Ufalme wa Hungaria, na leo pamo Austria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani, Kifaransa akakipenda sana, na Kihungaria hakuwahi kukimudu. Lakini mwenyewe alijitambulisha kuwa Mhungaria. Mozart alizaliwa Salzburg mwaka 1756, wakati mji huo ulikuwa dola ya askofu mkuu ndani ya Milki Takatifu ya Kirumi, wala si sehemu ya Austria. Anayejaza 'Mwaustria' hakosi kabisa, wala hapatii kabisa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekumbuka mijadala kuhusu uasilia wa Mswahili (Mswahili ni nani, ni wa damu, wa lugha au wa utamaduni?) atautambua ugomvi huu kuwa ndugu wa ule anaoujua.

Kwa hiyo, kwa upande wa hoja, waliokipinga kisanduku walikuwa na msingi imara zaidi. Walikosea kwingine. Kwa kuwa walizijua makala hizo na wengi wao walizijenga kwa jasho, walianza kuzilinda kama mtu alindavyo shamba la urithi. Mgeni akipendekeza jambo, alijibiwa kwa kejeli au kuambiwa kwamba suala hilo lilikwisha kuamuliwa. Kanuni ya kamusi elezo huru ni kwamba makala haina mwenyewe, na anayeandika hapo anajua tangu mwanzo kwamba kazi yake itahaririwa bila huruma. Ujuzi humpa mtu haki ya kusikilizwa kwanza. Haumpi haki ya kufunga mlango.

Mwaka 2013 kesi ilifika mbele ya Kamati ya Usuluhishi, ambayo ndiyo mahakama ya juu ya wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza. Kamati ilikataa kuchagua upande: kisanduku si lazima wala si marufuku, na kila makala iamuliwe peke yake kwa majadiliano ya wahariri wake. Baadhi ya wagomvi waliwekewa vizuizi. Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, Kamati ililazimika kulirudia jambo lile lile, safari hii si kwa ajili ya visanduku vyenyewe bali kwa ajili ya lugha iliyotumika katika kuvijadili. Makala ya Mozart iliendelea kukaa bila kisanduku hadi mwaka 2023, majadiliano yalipoishia kwa kuwapa ushindi waliokitaka. Wengi walioshiriki kura hiyo hawakuwa wataalamu wa muziki. Walikuwa wasomaji waliozoea kuona kisanduku kila mahali na kushangaa kutokiona hapo. Mazoea yalishinda hoja, kama yafanyavyo mara nyingi katika lugha pia.

Haya yote yanaihusuje lugha ya Kiswahili? Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala humo, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Makala nyingi ziliingia, zawadi zikatolewa, na washiriki wengi hawakuonekana tena. Kilichobaki ni makala ambazo aghalabu zilitafsiriwa kutoka Kiingereza, na pamoja nazo visanduku vyenye safu zilizotafsiriwa: 'Aina ya muziki', 'Kazi yake', 'Miaka ya kazi', 'Studio'. Waingereza na Wamarekani waligombana zaidi ya mwongo mmoja juu ya kisanduku. Kwa Kiswahili kilipokewa kama kilivyo, na ukurasa wa majadiliano mara nyingi haujaandikwa neno.

Ukimya huo si amani. Mtazame Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Alipozaliwa aliitwa Mtumwa; 'Siti', yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata baadaye kwa sauti yake. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu mzima. Katika kisanduku, safari hii yote hugeuka mistari miwili: 'Jina la kuzaliwa: Mtumwa binti Saad' na 'Pia anajulikana kama: Siti'. Kana kwamba Siti ni jina la utani! Umbali kati ya mistari hiyo miwili ndio maisha yenyewe, na ndio historia ya Unguja baada ya utumwa. Taarabu ya asilia ndiyo klasiki ya Waswahili, na waimbaji wake wanastahili kubishaniwa kwa bidii ile ile wanayobishaniwa akina Liszt.

Inasikitisha kwamba watu wanaofaa kuubisha ubishi huu wapo, nao ni hao hao wanaoandika tasnifu juu ya wasifu na tawasifu, ambao huziacha zikae kwenye rafu za maktaba ya idara. Mhadhiri anayewapa wanafunzi wake zoezi la kuhakiki wasifu wa Shaaban Robert angeweza, kwa juhudi hiyo hiyo, kuwapa zoezi la kuandika upya makala ya mwimbaji mmoja, kisha wajadiliane hadharani ni lipi liingie kwenye kisanduku na ni lipi libakizwe katika aya. Watakosana. Na wakosane, mradi wasiige zile kejeli zilizoifikisha Kamati kwenye kesi ya pili.

Wanaweza kuanza na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Safu ya kwanza itawauliza mwaka wa kuzaliwa, na hakuna aujuaye kwa yakini. Safu ya pili itawauliza aina ya muziki. Wakijibu 'taarabu', watakuwa wameiacha nje ngoma ya msondo na unyago aliowafundisha wasichana kwa miaka mingi.