Mto Rutshuru Wakati wa Jioni

Mwanafunzi mmoja ameniandikia kwamba yeye na wenzake wataka kufunga safari ndefu ya miguu wakati wa likizo, nao wauliza: mtu akifika mtoni pasipo daraja, atatambuaje kama aweza kuvuka? Swali lake limenikumbusha jambo ambalo sikupata kuliandika bado.

Mwaka 2010, nalikuwa kijana wa miaka ishirini. Habari ilitufikia huko Nyamilima kwamba mjomba wangu, mvuvi wa Vitshumbi, yu taabani na aniita. Gari halikupatikana. Kuzunguka kwa Kiwanja na daraja la Mabenga kungalitupotezea siku nyingi. Basi nikatoka kwa miguu pamoja na mdogo wangu, kwa njia ya Nyakakoma. (Siku hizi njia ile simshauri mtu.)

Siku ya kwanza tulivuka vijito viwili vitatu bila taabu. Hapa, ndugu mwanafunzi, shika haya. Maji yaliyotulia, mazuri kutazama, aghalabu ndiyo yenye kina; yapigayo kelele juu ya mawe huwa mafupi. Tanguliza fimbo ndefu. Maji ya kasi yakipita goti, uwe na hofu. Yakifika paja, rudi. Mzigo uuchukue kwa namna ambayo waweza kuutupa mara moja. Uelekeze uso huko maji yatokako, wala usiinue mguu mmoja kabla ya mwingine kushika. Na kabla ya yote, tazama mto uendako: ukianguka, utapelekwa wapi? Kama ni penye magogo au maporomoko, usijaribu.

Lakini Rutshuru si kijito. Siku ya pili, yapata saa kumi na moja jioni, tulifika karibu na mlango wake, hapo unapoingia katika Ziwa Edouard. Ng'ambo, kwa mbali, tuliona moshi upande wa Vitshumbi. Palikuwa na kibanda, na mtumbwi, na mvuvi mzee.

“Mzee, tafadhali utuvushe.”

“Kesho, wanangu.”

Nikamweleza habari za mjomba. Nikamwonyesha fedha zetu zote. Hakuzitazama, alinishika mkono, akanipeleka ukingoni, akanionyesha kijiti alichokichomeka. Saa sita mchana kijiti kile kilisimama penye nchi kavu. Sasa maji yalikifunika nusu, na majani na matete yalikuwa yakielea katikati ya mto. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Lakini maji ya Rutshuru hutoka mbali, Ziwa Mutanda, huko Kisoro katika Uganda. Mvua ya milimani huweza kuujaza mto, na wewe umesimama juani huku chini usijue neno.

Kisha akanionyesha mahali mkondo ulipokutana na mawimbi ya ziwa. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka ziwani, na hapo maji yalisimama wima kama ukuta. Tena ilikuwa saa ya viboko kutoka majini kwenda malishoni. Katika miaka ya 1970 viboko wa Hifadhi ya Virunga walikuwa karibu 29,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 ujangili ulikuwa umewapunguza hata wasitimie 1,000. Nikamwambia mzee kwamba wamekwisha. “Waliobaki,” akajibu, “ndio waliomjua mtu kwa risasi.”

Nilimtupia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyaandika. Mdogo wangu akaanza kufungua kamba ya mtumbwi. Mzee akaingia, akaketi ndani yake, kafia miguuni, akasema: “Mkinitoa kwa nguvu, mtavuka.”

Hatukuweza kumwekea mzee mikono.

Alitupa ugali na samaki. Usiku kucha nilisikia viboko waking'oa majani karibu na kibanda. Kulipopambazuka nikamsihi tena, akakataa tena, maana ndiyo saa wanayorudi majini. Jua lilipopanda alituvusha, akikiepuka kilindi wanakolala, akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili wasikie na wasishtuke.

Vitshumbi tulikuta kilio. Mjomba alikufa usiku ule, kabla ya jogoo wa kwanza. Mkaza mjomba aliniuliza, “Mlilala wapi?” Nikasema, ng'ambo ya Rutshuru. Hakusema neno, alinipa maji ya kunawa.

Kwa muda mrefu nalimkasirikia mzee yule. Nilihesabu saa: tungalivuka jioni ile, tungalimkuta mjomba yu hai. Wala leo siwezi kuapa kwamba tungalizama. Yamkini tungalifika salama. Arudiye nyuma hapewi ushahidi, na hili ndilo gumu kuliko fimbo na mkondo, maana aliyetembea siku mbili huona kwamba mto wamdai ruhusa ndogo tu. Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi, kabla ya kuvua viatu mtafute akaaye kando ya maji hayo, umwulize, na uamue mapema kwamba utalikubali jibu lake.

Siku ya nne baada ya maziko tulirudi kwa njia ileile. Mzee alituvusha mchana, maji yakiwa yamepungua. Nilimpa fedha, akazikataa. Katikati ya mto aliniuliza jina la marehemu. Nilipolitaja, aliacha kupiga kafi, mtumbwi ukaenda wenyewe kidogo. Walikuwa wamevua pamoja.