Mtoto Hadaiwi Shukrani

Mtu akiasili mtoto hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtaa humpongeza. Miezi michache baadaye mtaa huohuo unatoa hukumu: "Mtoto wa kuokota hana shukrani. Damu ya watu ile."

Ushahidi? Anaficha chapati chini ya godoro ilhali jikoni kumejaa. Anaanguka, goti linachuruzika, halii wala hamkimbilii mama. Mama akimkumbatia, anakakamaa. Lakini dereva wa lori asiyemjua, aliye kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, akimwita mara moja tu, anamwendea na kumshika mkono.

Haya yote hutokea. Kuibebesha damu lawama ndio uvivu wa kufikiri. Wako akina mama wafanyabiashara wa mpakani wanaowaacha watoto wao wa kuwazaa kwa bibi kule Ileje au Mbozi. Mama akija kumchukua mtoto akiwa na miaka mitano, mtoto anamkwepa, usiku anamlilia bibi. Hapo hatusemi damu mbaya. Tunasema, "Hajamzoea, mpe muda." Kwa nini huruma hiyo tunamnyima aliyetoka kituo cha kulelea watoto?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kutembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, akitazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kuwa waliotulia zaidi mara nyingi walikuwa wa mama waliowajua kwa undani: mama aliyeweza kueleza mwanawe analala vipi, analilia nini, anatulizwa na nini. Mtoto humshika anayemwitikia, tena anayemwitikia kila siku. Na huko Romania, utafiti ulioanza mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto waliotolewa kwenye vituo na kupewa familia kabla ya kutimiza miaka miwili walijenga uhusiano salama zaidi na walezi kuliko waliochelewa. Tofauti ilikuwa mikono iliyowalea na muda walioupoteza.

Basi chapati ile si wizi. Ni akiba ya mtu aliyewahi kulala njaa bila kujua kesho. Asiyelia alikwisha kulia sana, hakuja mtu. Anayemfuata kila mgeni amepita mikononi mwa walezi wengi mno hata hajui yupi wa kumtofautisha. Hizo ndizo mbinu zilizomfikisha kwako akiwa hai, na hataziacha kwa sababu tu umemnunulia sare mpya.

Simlaumu mlezi aliyechoka. Kumpenda asiyekurudishia ni kazi ngumu, na afisa ustawi wa jamii anapaswa kumweleza hayo mapema, asiishie kukagua nyumba. Ninaowalaumu ni majirani, ndugu na wahubiri wanaomkalisha mtoto chini na kumuuliza, "Bila huyu mama ungekuwa wapi leo?" Swali hilo linamkumbusha kwamba anaweza kurudishwa, yaani hofu ileile inayomfanya afiche chapati. Mwacheni afiche, mwekeeni bakuli lake la chakula mahali anapopaona. Akianguka, mfuateni ninyi, hata kama hajaita.

Chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, amri ya kuasili ikishatolewa, mtoto huyo ni wenu sawa na wa kuzaliwa. Na anayepeleka ombi Mahakama Kuu ni mtu mzima. Mtoto hakuwaomba chochote, na deni la hisani hamuwezi kumdai.