Shingo ya Mchukuzi



Mara nyingi katika kurasa hizi twazungumza habari za mishahara, na ni haki yetu. Leo twataka kuzungumza habari za shingo. Mchukuzi wa Marikiti au Kongowea, hamali wa ghala la saruji, mama anayebeba kuni kwa ukanda wa kipaji, wote husema maneno mamoja wakifika umri wa makamo: asubuhi shingo haigeuki, bega lauma, mkono umekufa ganzi mpaka vidoleni. Nyapara husema ni uvivu. Jirani husema amerogwa. Yeye mwenyewe hunyamaza, kwa kuwa aogopa kwamba akisema, kesho hataitwa kazini.

Yafaa kila mwanachama ajue jambo lenyewe. Shingo ya mtu ina pingili 7, nazo huchukua kichwa chenye uzito wa kilo 4 au 5 kabla hatujaweka mzigo wowote juu yake. Baina ya pingili hizo, isipokuwa 2 za juu kabisa, mna vitakia vigumu vyenye majimaji, vinavyofanya kazi kama mpira unaowekwa chini ya mashine ili isitikisike. Miaka ikipita, vitakia hukauka na kuwa vyembamba. Pingili hukaribiana, na pembeni mwake huota vinundu vya mfupa. Kinundu au kitakia kikigusa mshipa wa fahamu unaotoka hapo kwenda mkononi, ndipo mtu asikiapo moto na ganzi mkononi, ijapokuwa mkono wenyewe ni mzima. Madaktari huliita jambo hili spondilosisi ya shingo.

Basi kuna neno moja ambalo matajiri hulipenda sana: kwamba huo ni uzee tu. Ni kweli nusu. Watu wengi waliofika miaka 60, wakipigwa picha ya eksirei, huonekana shingo zao zimelika, na wengi wao hawana maumivu hata kidogo. Kwa hivyo mwenzetu akionyeshwa picha kama hiyo asikate tamaa, wala mwajiri asiitumie picha hiyo kumfukuza. Lakini uzito nao una sehemu yake. Mwaka 1968 gazeti la madaktari wa Uingereza lilichapisha makala kutoka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, juu ya watu walioumia shingo kwa kubeba mizigo kichwani, na jina la makala lilikuwa hilo hilo, shingo ya mchukuzi. Mwaka 1997 madaktari walitoa habari za uchunguzi wa Sierra Leone: walizilinganisha picha za shingo za wabebaji wa mizigo kichwani na za watu wasiobeba, wakaona za wabebaji zimelika zaidi. Hao wote walizeeka kwa kalenda moja.

Wala asidhani mtu kwamba mashine imetuokoa sote. Kontena zimeondoa magunia mengi kichwani mwa makuli wa Mombasa, lakini mwendesha kreni sasa hukaa juu kabisa, ameinamisha shingo akitazama chini baina ya miguu yake saa baada ya saa. Fundi cherehani ni vivyo hivyo, na karani mwenye kompyuta iliyowekwa chini mno. Shingo iliyoinama huchukua uzito mkubwa kuliko iliyosimama wima.

Mwenye maumivu afanye nini? Wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi michache bila kupasuliwa. Asilale kitandani siku nyingi. Atembee, ageuze shingo polepole kadiri awezavyo, na ajifunze mazoezi ya shingo na mabega kwa mtaalamu wa viungo katika hospitali. Kitambaa cha maji ya moto husaidia. Mto mmoja wa kadiri watosha, usiwe mrefu mpaka shingo ikapinda. Dawa za maumivu kama ibuprofen ni za siku chache, tena kwa shauri la mganga, maana zikizoewa hudhuru tumbo na figo. Ile kola ya shingoni ikivaliwa muda mrefu hulegeza misuli.

Na hapa twataka kusema kwa ukali kidogo. Iko desturi mjini ya vinyozi kumaliza kunyoa kwa kukamata kichwa cha mtu na kukizungusha ghafula mpaka shingo ialike. Wengi huona raha. Mwenye shingo iliyolika asikubali kabisa, kwa kuwa kuna mishipa ya damu shingoni iendayo kwenye ubongo, na kuna uti wa fahamu wenyewe.

Huo uti wa fahamu ukibanwa, hali ni nyingine. Dalili zake si maumivu makubwa, pengine hayapo. Mtu huanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, vitu humponyoka mikononi, miguu huwa mizito naye hupepesuka kama mlevi, au haja ndogo humshinda. Huyo asingoje mwisho wa mwezi. Aende hospitali upesi, maana akichelewa, nguvu iliyopotea huenda isirudi hata akipasuliwa.

Sasa habari ya uzito. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumtaka mtu abebe mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Pendekezo la Shirika la Kazi la Dunia la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa mwisho kwa mwanamume mzima, na kwa wanawake pungufu sana. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50. Lakini kila mtu aliyefika sokoni ameliona gunia lililoshonewa kilemba juu, na mchukuzi hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Faida ya kilemba ni ya mfanyabiashara, na uzito wake ni wa shingo yetu. Wengine wetu wasema, nikikataa atachukua mwingine. Ndiyo, kama unakataa peke yako.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka iwepo kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao ndani yake. Kila tawi liulize kamati ya mahali pake ilikutana lini mara ya mwisho. Mtu akiumia, aarifu mwajiri kwa maandishi siku ile ile: tarehe, mzigo gani, kilo ngapi, nani aliona. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yahesabu ajali na maradhi yatokanayo na kazi, lakini shingo iliyolika pole pole ni vigumu kuidai bila karatasi.

Makatibu wa matawi ya masoko na maghala waombwa walete kwenye mkutano ujao uzito wa magunia yao, si kwa kukisia bali kwa mizani, pamoja na bei inayolipwa kwa kila gunia.