Ketamini na Nduguye



Mimi nilitoka shule hii zamani kidogo, na sasa ni mwuguzi katika hospitali ya mashambani. Kwetu hakuna mashine ya kulaza wagonjwa, wala umeme wa kutegemea. Basi kila upasuaji hutegemea sindano ya ketamini, dawa iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962. Humtenga mtu na maumivu yake, naye kwa kawaida huendelea kuvuta pumzi mwenyewe.

Dawa hii inaye ndugu mbaya, jina lake methoksetamini. Yapata mwaka 2010 wafanya biashara walianza kuiuza huko Ulaya. Haikuwa dawa ya hospitali; ni umbo la ketamini lililogeuzwa kidogo tu, na kwa kuwa jina lake halikuandikwa katika sheria, polisi hawakuwa na la kufanya. Zote mbili huziba mlango mmoja katika ubongo, hata mtu hujiona kama ametoka mwilini mwake. Lakini methoksetamini huchelewa kuanza na hukawia kuisha. Asiye na subira hudhani imeshindwa, huongeza, kisha huanguka. Madaktari wa Uingereza walipokea wagonjwa waliopepesuka wasiweze kusimama. Wauzaji nao walisema haidhuru kibofu cha mkojo. Panya waliojaribiwa wakaonekana wameharibika kibofu na figo. Uongo mtupu!

Uingereza waliipiga marufuku kwa muda mwezi wa Aprili 2012, wakaikataza kabisa Februari 2013. Umoja wa Mataifa uliiwekea sheria mwaka 2016, na Marekani (sijui walikuwa wakingoja nini) 2022. Kwa hayo mimi nasema vema.

Ninaogopa wale watakao kuwafunga ndugu hao kwa kamba moja. Mwaka 2015 China ilitaka ketamini yenyewe iwekwe chini ya sheria za mataifa yote. Shirika la Afya Duniani, ambalo limeihesabu katika dawa za lazima tangu 1985, lilipinga, na uamuzi ukaahirishwa. Lakini jambo lililoahirishwa laweza kurudi. Morfini imo katika sheria za namna hiyo, nami nimemwona mgonjwa wa saratani akilia huku karatasi zikingoja sahihi mjini. Mama mwenye uchungu aliyeletwa usiku kwa baiskeli, mtoto amekwama, atangoja sahihi ya nani?