Somo la Mazoezi Halingoji Mpira wa Dukani

Ukiuliza katika shule nyingi za msingi za pwani yetu kwa nini watoto hawafundishwi mazoezi ya mwili, jawabu utakalopewa ni moja: vifaa hakuna. Mipira ilikuwa miwili. Mmoja ulitoboka kwa miba, na wa pili umefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu kungojea mashindano. Basi kipindi cha P.E., ambacho wazee wetu walikiita drili, kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini saa yake ikifika watoto huambiwa watoe vitabu vya Hisabati. Au hufunguliwa mlango watoke nje, wavulana kumi na tano wakaukimbilia mpira wa matambara, na waliobaki, wasichana karibu wote, wakakaa kivulini wakisukana nywele na kupiga soga.

Mimi nalikataa jawabu hilo. Vifaa vipo, na vingi vimo mikononi mwa watoto wenyewe. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuvitambua kuwa ni vifaa vya kufundishia.

Tatizo letu ni kwamba somo hili tumelirithi kutoka nje likiwa na sura mbili, na hakuna hata moja iliyotukaa vizuri. Sura ya kwanza ni hiyo drili. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha chuo chake cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, Uswidi, na utaratibu wake wa watu kusimama safu safu, mikono juu, mikono chini, kwa amri moja, ukaenea Ulaya. Waingereza wakautia katika shule zao, na miongozo yao, ule wa mwaka 1933 ukiwa mashuhuri, ikasafiri mpaka makoloni. Drili ilikuwa na faida yake, kwani haikutaka senti moja ya kununulia kitu, na mtoto alijifunza kusimama wima. Lakini mchezo haukuwamo ndani yake, na mtoto asiyecheza huchoka upesi.

Sura ya pili ni ya vitabu vyenye picha za ukumbi wa mbao, magodoro ya kubingirikia, na majani mabichi kama zulia. Kila mtoto pichani ana mpira wake. Mwalimu wa Faza au wa Kinango, mwenye watoto sitini na uwanja wa mchanga, akikifungua kitabu cha namna hiyo hukifunga papo hapo, na simlaumu. La kumlaumu ni kwamba akishakifunga huamini kuwa somo zima limefungika nacho.

Serikali nayo haikusaidia sana. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 somo hili lilikuwa katika ratiba, lakini halikuwa katika mtihani wa darasa la nane, na kila mwalimu anajua kisichotahiniwa hufanywaje. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala mpya wa umilisi ulilipa somo heshima zaidi, kisha masomo yalipopunguzwa mwaka 2024 mazoezi ya mwili yakaunganishwa na sanaa ya kuchora na muziki, yakawa somo moja. Nina wasiwasi na ndoa hiyo. Mwalimu apendaye kuchora atachora mwaka mzima, na asiyependa jua hatakosa udhuru.

Wako watakaosema: mwache mtoto asome, kucheza atacheza nyumbani. Atacheza saa ngapi? Mtoto wetu wa Mvita au wa Malindi huketi dawatini tangu asubuhi mpaka alasiri. Akitoka shule hubadilisha nguo aende chuoni, akaketi mkekani mbele ya ustadhi mpaka Magharibi ikaribie. Usiku kuna kazi za shule. Kusoma Kurani ni wajibu wetu kumfunza, wala sisemi kipunguzwe hata kidogo. Nasema tuihesabu siku yake. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka mitano hadi kumi na saba apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili mpaka moyo uende mbio. Kwa watoto wengi wa pwani hizo dakika hazina pahali pa kutokea isipokuwa shuleni. Zamani zilitokea vichochoroni na viwanja vya mtaa, na sasa vichochoro vina pikipiki na viwanja vina majumba. Mtoto aliyebaki ndani naye amepewa simu atulie.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe. Chukua mchezo mmoja tu, kati. Mpira wake ni soksi kuukuu iliyojazwa matambara na kufungwa kwa kamba. Ule wa mifuko ya plastiki umekuwa adimu tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017, na sioni hasara, maana wa matambara haumuumizi mtoto anapopigwa. Wawili husimama ncha mbili, na mmoja au zaidi huwa katikati. Wa nchani hurusha kumlenga wa kati. Wa kati hukwepa, huinama, huruka, hugeuka. Upande wa Tanzania huuita rede au nage, na iko namna ambayo wa kati hujaza mchanga katika chupa huku akiukwepa mpira, mpaka chupa ijae. Sasa tazama yaliyomo: kurusha kwa shabaha, kudaka, kutoka mbio na kusimama kwa ghafula, kukadiria mwendo wa kitu kinachokuja, na katika namna ile ya chupa, kufanya kazi ya vidole huku jicho likiwa kwengine. Ni mambo yale yale ambayo vitabu vya ualimu huyaandikia sura nzima. Binti wa darasa la tatu huyafanya jioni nzima bila ya kuhimizwa, akaitwa na mamake mara tatu ndipo aingie ndani.

Kamusi zetu za zamani zinao mchezo uitwao tinge. Kiongozi hutenda tendo la mkono au mguu, na wengine wote humfuatisha. Anayekosea hucheka na kuchekwa. Kwa mwalimu mwenye watoto sitini na ua mdogo, sijui kifaa kilicho bora kuliko hiki. Ni ile drili ya Ling yenye kicheko ndani. Kiongozi akiwa mtoto, mwalimu hupata nafasi ya kutazama nani goti lake halikunji sawasawa, nani hapumui vizuri, na nani haoni mbali. Kwa wadogo wa chekechea upo ukuti wa kuzunguka huku wameshikana mikono, na upo mchezo wa mwewe na vifaranga, ambapo mama kuku hutandaza mikono na msururu mzima wa vifaranga hujipinda nyuma yake kama nyoka.

Vitu vya kushika pia havitushindi. Vifuu viwili vya nazi vikitobolewa na kutiwa kamba, mtoto akavikanyaga na kutembea juu yake, ni somo kamili la kuumudu mwili usianguke. Kamba ya usumba ni ya kuruka, na nyingine nene ni ya kuvutana. Mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani hushonwa vifuko vya kiasi cha kiganja, vikajazwa mchanga mkavu. Hivyo ni vya kurushiana na kudaka kwa mtoto anayeuogopa mpira. Tairi kuukuu la baiskeli hulazwa chini likawa shabaha, au likaendeshwa kwa kijiti. Mistari ya uwanja huchorwa kwa majivu. Gunia moja la vitu hivi, lililotengenezwa na watoto wenyewe kwa wiki mbili, litatosha darasa zima, na likiibwa hakuna wa kulia.

Lakini nisieleweke vibaya. Mchezo wa mtaani haujawa somo kwa kuletwa shuleni tu. Mtaani, mtoto mzito au mwoga hupigwa wa kwanza, akatoka, akakaa pembeni muda uliobaki. Mtoto aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye aliyeyapata machache kuliko wote! Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Sharti abadilishe kanuni: aliyepigwa asitoke moja kwa moja, bali aende pembeni akaruke kamba mara kumi, kisha arudi. Badala ya duara moja la watoto sitini, kumi wakicheza na hamsini wakitazama, yawe maduara sita. Asiyeona achezewe mkebe uliotiwa kokoto, ausikie unakotoka. Mwenye mguu mmoja dhaifu asimame nchani arushe. Haya hayataki pesa, yanataka mwalimu aliyekaa jana yake akayafikiri.

Nije kwa wasichana, maana hapa ndipo penye donda. Wengi wao huketi kivulini, nasi husema kwa wepesi kwamba wasichana hawapendi michezo. Hawa ambao jioni hawaingii ndani kwa ajili ya kati! Sababu aghalabu ni nguo. Shule ikiamrisha kaptura na fulana, na mbele ya wavulana, binti wa darasa la sita aliyefunzwa stara hujifanya mgonjwa wa tumbo kila wiki, na mamake humwandikia barua. Dawa yake ni suruali ndefu pana, shati refu la mikono, na mtandio mdogo uliobanwa usimfunike macho. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, liliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014, na lile la mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2017. Ikiwa wanawake wa mataifa wanaruhusiwa kucheza wamejisitiri, mwalimu wa shule ya msingi anashikilia nini? Palipo na walimu wa kutosha, wasichana wapewe upande wao wa uwanja na mwalimu wa kike.

Na sisi wazazi tusijifiche nyuma ya dini. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, naye akamshinda, kisha siku nyingine Mtume akashinda yeye. Anayemwambia binti yake kwamba kukimbia si heshima ataieleza vipi habari hiyo?

Uwanja ndio kifaa kisichoweza kushonwa wala kuokotwa. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, walipigwa kwa moshi wa kutoa machozi walipoandamana dhidi ya ukuta uliojengwa kuuzingira uwanja wao. Nchi nzima ilipiga kelele na uwanja ukarudi. Kelele ile ilipigwa kwa sababu picha zilionekana. Kipande cha shule kinachomegwa polepole, leo kibanda, kesho gereji, hakina picha, na kamati ya shule ndiyo inayopaswa kuwa na hati ya ardhi mkononi kabla ya kununua mpira wowote.

Saa nayo ina maana. Mombasa ya Februari, kaskazi ikiwa imetulia, si ya kumkimbiza mtoto saa saba mchana. Kipindi hiki kingewekwa asubuhi mapema, au chini ya mwembe, na maji ya kunywa yawepo. Mwezi wa Ramadhani zipo shabaha za vifuko na tinge ya polepole. Hakuna lazima ya mbio, wala ya kulifuta somo kwa mwezi mzima.

Bahari nitaitaja kwa ufupi tu. Mtaala mpya ulikuja na kuogelea ndani yake. Shule nyingi husema hazina bwawa, na ziko hatua mia mbili kutoka pwani. Katika Maulidi ya Lamu mashindano ya kuogelea ni sehemu ya sherehe, sawa na mbio za punda. Sitaki mwalimu mmoja apeleke watoto sitini majini. Nataka wavuvi wawili au watatu wa kijiji waombwe, wazazi watie sahihi, na darasa liende makundi makundi nyakati za maji mafu, ndani ya mwamba, maji yakiwa ya kiunoni.

Kinachobaki ni kijitabu, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wafanye kazi. Hatuna kitabu chepesi cha kumpa mwalimu mpya aliyeletwa kutoka Machakos au Busia, asiyejua watoto wa hapa wacheza nini. Wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Shanzu wangeweza kutumwa mitaani wakae na mabibi na watoto, wakaandika kila mchezo ukurasa mmoja: jina lake, wachezaji wangapi, nafasi kiasi gani, kitu gani chahitajika, kanuni, kiungo gani hutumika, na namna ya kuubadilisha kwa mdogo au mlemavu. Michezo arubaini ingetosha kwa kuanzia. Ugomvi utakuwa katika majina, kwani mchezo mmoja Lamu una jina, Mvita una jina jingine, na Vanga la tatu. Nashauri yaandikwe yote matatu, na watoto wa kila shule waseme lao ni lipi.